Alama ya Maji Ukutani Kwangu

Jumatatu, 4 Machi
Mwanangu kapewa kundi lake la kwanza la watalii wa kutembeza. Bado yuko kwenye majaribio. Meneja kasema lalamiko moja tu, anarudi ofisini kukata tiketi. Alhamisi meli inatia nanga, na wageni wataletwa mtaani kwetu kuona alama ambazo yale mafuriko ya utotoni mwake yaliacha kwenye kuta. Nyumba yangu imo. Mtoto wangu, ukuta wangu. Mama Vigae wa ng'ambo ya uchochoro, yule mwenye paa la vigae asilotuacha tulisahau, kanuna mpaka jioni.

Jumanne, 5 Machi
Nimepaka chokaa ukuta wote wa mbele. Wageni hawaji kutazama uchafu. Unang'aa. Mama Vigae kaja na kikombe chake, katazama, kaniuliza kwa upole, dada, na ile alama yenyewe iko wapi? Nikamwambia aende zake. Alipoondoka nikaitafuta. Haipo. Nikakaa chini.

Jumatano, 6 Machi
Majani ya chai yaliyochemka sana, udongo kidogo, brashi ya viatu. Nimechora alama mpya. Ya Mama Vigae inamfika kifuani. Yangu nimepandia stuli. Kama ni mafuriko, basi yawe mafuriko. Mwanangu sijamwambia, asije akakosa usingizi.

Alhamisi, 7 Machi
Wageni walijaa uchochoro. Mwanangu anaiongea lugha yao utadhani kazaliwa nayo. Bibi mmoja mwenye fimbo akanyoosha kidole kwangu, akanyoosha kwa Mama Vigae. Mwanangu akanitafsiria, sauti imepungua: anauliza maji yalisimamaje juu upande huu na chini upande ule. Nikasema kwetu yalikuja na mawimbi. Mama Vigae akakohoa. Bibi akagusa alama, akanusa kidole. Akasema neno. Hilo sikuhitaji kutafsiriwa. Chai.

Nilimwona mwanangu dirishani anakata tiketi hadi uzeeni. Nikamwambia awaeleze yote, ni mimi, yeye hajui lolote, wasimlalamikie. Akawaeleza. Akaongeza na ambayo sikumtuma: kwamba maji ya kweli yalinifika kifuani, nami nikasimama humo nimembeba mabegani, mpaka Mama Vigae akatuvuta kwa kamba ya kuanikia nguo. Mama Vigae akasema ilikuwa kamba mpya, na mpaka leo hajaiona. Mwanangu akalitafsiri na hilo. Walicheka hadi bibi akaegemea ukuta, akaondoka na chai yangu mgongoni.

Ijumaa, 8 Machi
Hakuna lalamiko hata la dawa! Jana jioni meneja kasema wageni wamemsifu mwanangu, hasa kwa kusema kweli. Kazi ni yake sasa. Nimelala kama mtoto mchanga. Asubuhi kanishika mikono yote miwili, kanisihi, mama, tafadhali, ukuta usiuguse tena. Nimeapa, na kiapo changu hakivunjiki. Ukuta siugusi.

Ila mwezi ujao inakuja meli nyingine, na hao wanataka kuona lilichofanya tetemeko la ardhi hapa mtaani. Nyumba yangu lilipita bila hata kuitingisha, aibu tupu. Nimemwita fundi seremala aje kuupinda mlango kidogo. Mama Vigae atatushikia ngazi. Kaomba na wake upindwe. Nimekubali, mradi usipinde kuliko wangu.