Kompyuta Haiondoki Bila Mahari

Injenia Olivier alikuwa kwa kinyozi, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na wa pili bado, alipoona karto kubwa ikipita katikati ya soko la kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, juu ya kichwa cha Tante Orpa. Ilikuwa boksi la kompyuta mpya, utepe wake wa gundi haujakatwa. Nyuma yake walifuata bamama wa ushirika wa cherehani wakiimba. Olivier akamwomba kinyozi aharakishe. Kinyozi akauliza kama kuna msiba, naye akajibu kwamba bado, ila muda si mrefu kuna watu watahitaji msaada wake.

Hapa inabidi niseme neno kuhusu huo uinjinia. Cheti chake hakuna aliyewahi kukiona. Alikuwa na begi la nyaya, laptop nzuri aliyoipenda kuliko ndugu zake, na mdomo. Mdomo wenyewe usiseme. Simu iliyoingia kwake na ugonjwa mmoja ilitoka na mawili, na mwenye simu alitoka akishukuru. Ila tumpe haki yake: kazi aliijua kidogo. Shida yote ilikuwa kwenye hicho kidogo, maana kilimtosha kujua wengine hawajui nini.

Bamama wale walishona mapazia na sare za kwaya miezi mingi, wakijinyima, mpaka kompyuta ikapatikana. Haikuwa anasa. Shule moja ya Likuni ilikuwa tayari kuwapa kazi ya sare za wanafunzi wote, kwa sharti kwamba mchoro wa beji na barua yao vifike kwa email kabla ya Jumamosi. Visipofika, kazi inakwenda kwa mafundi wa mjini. Mama Générose, mkubwa wa ushirika, alikuwa hajalala vizuri tangu aliposikia habari hiyo, na hakumficha mtu.

Mashine ilikuwa ya kipande kimoja, skrini na tumbo lake pamoja, na kibodi na kipanya visivyo na waya. Wakaiweka kwenye ukumbi wa kanisa wanaposhonea, juu ya kitambaa cheupe cha kufuma, wakaiombea, wakaiwasha. Ikawaka vizuri sana. Ikawasalimia, ikawataka wachague lugha, basi. Tante Orpa, ambaye ndiye mchoraji wao, akasukuma kipanya huku na huku, mshale haukutikisika. Akabonyeza kibodi, kimya. Wakabadilisha betri. Wakaizima, wakaiwasha, ikawasalimia tena kwa adabu ile ile. Ilipofika Alhamisi asubuhi, Injenia akatokea mlangoni na kichwa chake kilichonyolewa vizuri, akisema alikuwa anapita tu.

Akaomba utulivu. Akakigeuza kipanya, akafungua kifuniko cha tumboni ili, kama alivyosema, asikilize betri. Kando ya betri, ndani ya kijishimo chake, kilikuwa kimelala kidude kidogo mfano wa ukucha, ambacho bamama walipobadilisha betri walidhani ni kipande cha kipanya. Hicho kidude hutolewa, huchomekwa nyuma ya kompyuta, na papo hapo kompyuta huanza kusikia kipanya na kibodi. Ndiyo dawa yote hiyo. Mtu mwema angekichomeka, akapewa sahani ya bugali na samaki, akaenda zake. Olivier alikohoa, akafunga mkono, na kidude kikahamia mfukoni mwake.

"Mama," akamwambia Générose, "hii komputa haiko mugonjwa. Ni kwamba haiyaolewa bado."

Bamama wakaangaliana. Naye akawafungulia somo. Vitu visivyo na waya, akasema, vinashikana kwa ndoa. Mashine inatakiwa imkubali kipanya, kipanya naye aikubali mashine, na kibodi vilevile. Bila hiyo ndoa watakaa nyumba moja kama wageni hadi mwisho wa dunia. Nyingine hufungishwa huko huko kiwandani, ila hii kwa bahati mbaya ilirukwa. Na mwenye ruhusa ya kufungisha ndoa za namna hiyo yuko mmoja, fundi Hirwa wa Area 25, Lilongwe. Ataipeleka yeye Olivier mwenyewe, wala wasimlipe kitu, ni huduma kwa kanisa.

Ili wasidhani tatizo ni hewa ya Dzaleka, akachukua simu yake na kuiunganisha na bafle, ile spika kubwa ya kwaya, kwa Bluetooth. Dakika haikuisha, wimbo wa sifa ukajaa ukumbini. Akasema bafle hiyo, kwa mfano, ni mke wa mtu. Bamama wakapiga makofi. Injenia akazima wimbo, akainama kidogo, akatoka nje kuongea na fundi. Kuitenganisha simu na bafle hakukumbuka. Msomi mzima.

Nyuma ya ukuta wa kanisa akamtumia Hirwa ujumbe wa sauti kwa kunong'ona, na jibu la Hirwa likaja, nalo kwa sauti, kwa sababu Hirwa alikuwa mvivu wa kuandika. Olivier akabonyeza, akaweka simu sikioni. Hakusikia kitu. Akaongeza sauti, akabonyeza tena. Kimya. Akapandisha sauti mpaka mwisho kabisa, akabonyeza mara nyingine, akaitikisa simu na kuilaani network.

Ndani ya ukumbi, bafle iliyonunuliwa ili kwaya isikike mpaka barabarani ilikuwa ikisema kila neno, na kila mara kwa nguvu zaidi: "Olivier, mteja wa ile komputa ya bamama nimeshamupata. Uilete kesho. Kwa karto yao tutawarudishia ile ya zamani, hawatajua. Na kile kidude ulitoa kwa kipanya usikipoteze, bila kile haiuzike."

Mikasi ya Tante Orpa ilibaki wazi hewani. Mmoja alianza kulia. Mwingine akachukua pasi ya makaa, akaelekea mlangoni, na nia yake ilionekana. Mama Générose akamshika mkono. Alikuwa na hasira, na aibu pia, maana yeye ndiye aliyemkaribisha yule mtu na kumpa kiti. Lakini kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. Wakimkamata sasa, akawaambia kwa sauti ya chini, atakitupa kile kidude kwenye choo, atakana, na Jumamosi itapita wakiwa wanabishana mbele ya wazee. Kidude anacho yeye, basi akichomeke yeye. Akawaambia wajipanguse machozi na wacheke kidogo.

Huko nje Olivier alikuwa amesogea mbali kumkwepa mbuzi, Bluetooth ikakatika, na sauti ya Hirwa ikarudi kwenye simu bila shida. Akasikiliza, akafurahi, akarudi ukumbini na kuanza kufunga karto.

"Pole pole, Injenia," Mama Générose akamwambia. "Wewe njo ulisema ni ndoa?"

Akasema ndiyo, ni ndoa kabisa.

"Basi kwetu Fizi, kule Kongo, binti haondoke kwa nyumba ya wazazi bila dot. Utatuachia nini?"

Olivier akacheka. Bamama hawakucheka naye. Akaeleza kwamba ilikuwa namna ya kusema. Mama Générose akamjibu kwa upole kwamba wao si watu wa namna ya kusema, kwamba mwenye kuleta habari ya ndoa ni yeye, na kwamba bila mahari bibi arusi atalala hapa hapa. Macho yake yakashuka polepole mpaka kwenye begi la Injenia, ilipokuwa imelala ile laptop.

Olivier akapiga hesabu haraka. Kesho jioni atarudi na karto yenye kompyuta ya zamani, atachukua laptop yake, na kabla hawajafungua karto atakuwa ameshapotelea mjini. Ni amana ya usiku mmoja. Akaitoa, akaipangusa kwa kiganja, akamkabidhi Mama Générose kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Bamama wakapiga vigelegele. Mzee wa kanisa aliyekuwa anafagia uani akaitwa awe shahidi.

Karto ikalala ukumbini kungoja safari ya kesho yake. Asubuhi ya Ijumaa alikuja na kabaza, mwendesha baiskeli wa kubeba karto hadi barabara kuu, akakuta kabaza wengine wawili wanangoja. Kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli moja alikaa Mama Générose amevaa kitenge cha sikukuu. Kwenye nyingine Tante Orpa, na sufuria iliyofungwa kwa kitambaa.

Akauliza wanakwenda wapi.

"Bibi arusi anasindikizwa na batante, bashangazi zake," Orpa akasema. "Ama kwenu wanamutuma peke yake?"

Ndani ya basi, njia nzima hadi Lilongwe, Injenia alijaribu kuwarudisha. Aliwaeleza juu ya joto, juu ya vumbi, juu ya wezi wa Area 25, na hapo Mama Générose akamshukuru sana kwa kuwaonya. Kumwandikia Hirwa alishindwa, kwa sababu Orpa alikaa begani mwake akiuliza kila herufi ni nini.

Hirwa alipowaona mlangoni mwa duka lake, uso wake ukafa. Akasema kazi ni nzito, bamama waiache, warudi wiki ijayo. Mama Générose akasema hawana haraka. Wakatandika kitenge sakafuni katikati ya duka, wakafungua sufuria, wakaanza kula, wakamkaribisha kila aliyeingia. Kila mteja aliulizwa kama amekuja arusini. Yule mnunuzi aliyeahidiwa kompyuta alipofika, Tante Orpa akamshika mkono, akamweleza ukoo wa bibi arusi, akamwonyesha karto na jina la ushirika juu yake, akamuuliza yeye ni wa upande gani. Mtu huyo akasema zikomo, yaani asante kwa Kichewa, hakuonekana tena.

Saa za mchana zikapita. Hirwa alimvuta Olivier nyuma ya pazia, akamwambia kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili kwamba bamama hawa wakikaa hapa hadi jioni, mtaa mzima utataka kujua kuna nini, na yeye ana vitu vingine humu ndani asivyotaka viulizwe. Amalize. Amalize sasa hivi.

Olivier akatoka nyuma ya pazia na jasho kwenye mdomo. Akaiwasha kompyuta, akajifanya anachokonoa huku, anagonga kule, akapitisha mkono nyuma yake. Skrini ikawataka tena wachague lugha. Tante Orpa akakisukuma kipanya kwa kidole kimoja, na mshale ukatembea. Akaupeleka juu, akaushusha, akaugonga kwenye neno Kifaransa. Kisha akaandika jina lake kwa kibodi, likatokea lote. Mama Générose, ambaye tangu Alhamisi alikuwa amejikaza, akalia sana, na hayo hayakuwa maigizo.

Baada ya kulia akainuka, akainama nyuma ya kompyuta, akakitazama kile kidude. Akafunga karto mwenyewe.

Usiku ule Orpa alichora beji, na kabla ya kulala barua na mchoro vilikuwa vimeshakwenda Likuni. Jumamosi asubuhi shule ikajibu kwamba imevipokea, waje na vipimo. Olivier naye akaja, amevaa vizuri, kuchukua laptop yake.

Alikuta ukumbi umejaa. Laptop ilikuwa mezani, juu ya kitambaa chake cha kufuma, pembeni ya kompyuta mpya. Akaomba amana yake kwa tabasamu. Mama Générose akamwonyesha kiti, na mzee wa kanisa akasogea karibu, ufagio mkononi.

"Dot inarudishwa siku gani, Injenia? Inarudishwa siku ndoa imevunjika, ao siku watu wanajua ilikuwa ya uongo. Tusemee mbele ya bamama. Ilikuwa ndoa ya kweli, ao ilikuwa ya uongo?"

Olivier akafungua mdomo. Nasema tena, mdomo ule ulikuwa haujawahi kumwangusha. Akamtazama mzee. Akamtazama mama wa pasi, ambayo leo ilikuwa na makaa. Akaitazama laptop yake, na kweli alisikia uchungu, kwa sababu aliipenda.

"Ilikuwa ya kweli," akasema.

Vigelegele vikapasua ukumbi. Wakamshika mkono mmoja mmoja, wakimwita mukwe. Tante Orpa akamgeuzia laptop kwa heshima zote, akamwambia inaomba neno la siri, naye mukwe akainama na kuliandika, polepole, huku bamama wakilisoma kwa sauti.

Na kwa kuwa upande wa bibi arusi haumwachi mukwe aende mikono mitupu, wakampa kuku. Alipita naye sokoni amemkumbatia kifuani, mahali pa begi. Kinyozi akamwita, akamuuliza ametoa wapi kitoweo.

"Natoka kwa arusi," Injenia akajibu, na hakusimama, kwa sababu kuku alikuwa ameshaanza kumnyea shati.