Ndama wa Karani Silvanus

Wundanyi nzima, mwaka wa 1972, ni mtu mmoja tu aliyejua kuifunga hasara kamba kabla haijazaliwa. Silvanus! Alikuwa amestaafu ukarani wa bima huko Mombasa, akarudi milimani na tai mbili na elimu ya kutosha kuwatisha majirani.

Mzee Mwandawiro, jirani wa mlima wa juu, alikuwa na ng'ombe mwenye mimba kama pipa la maji. Silvanus akanunua ndama angali tumboni, kwa mbuzi wanne. Wazee waliokuwapo wakasema neno la mtu latosha. Yeye akacheka, akaandika "ndama mmoja" kwenye karatasi, akamwekesha mzee kidole gumba, akamwachia nakala.

Ndama huyo huyo akamwuzia Kituku, mchuuzi wa mifugo kutoka Voi: akizaliwa jike, ni wako. Kisha akamwuzia Makau, mchuuzi mwingine: akizaliwa dume, ni wako. Kila mmoja akatoa mbuzi watatu wasiorudi. Ndama akifa, hakuna madai. Akizaliwa mzima na Silvanus asimtoe, wachukue ng'ombe wa maziwa wa mkewe, Tryphena.

Tryphena alizipata habari hizo sokoni.

"Baba Wakio, hiyo ng'ombe ndiyo chai yetu."

"Lazima mmoja wao akose, mama. Hii ni hesabu."

Akalala usingizi wa gavana.

Jumanne asubuhi akazaliwa jike. Silvanus alikuwa bado anafunga tai ya ushindi alipoambiwa kwamba nyuma ya jike amefuata dume.

Mapacha!

Kufikia adhuhuri Kituku na Makau walikuwa uani, kila mtu na kamba yake. Kituku alidai jike, Makau dume, na wote wawili wakakisifu kiwele cha ng'ombe wa Tryphena. Tryphena alisimama mlangoni mwa zizi na panga, bila kusema ni la nani.

Silvanus akaupanda mlima mbio, kiatu kimoja mkononi, akamweleza mzee kuwa ndama wote wawili ni wake.

Mzee akaitoa karatasi.

"Zamani, mwanangu, tuliuziana tumbo. Kilichomo ni chako, hata wakitoka watatu. Wewe ukataka mmoja."

"Basi niuzie huyu wa pili."

"Mbuzi sita."

"Mzee, wa kwanza si alikuwa wa mbuzi wanne?"

Mwandawiro akakitazama kile kiatu.

"Siku ile hukuja ukikimbia."