Winga Kutoka Marekani

Jumatatu, 9 Juni 2025

Bariadi kuna jambo. Precious, binti wa Mzee Luhaga, amerudi kutoka Marekani na mume. Mume anaitwa Marcelo. Mabega kama mlango wa ghala la pamba. Nimepeleleza kazi yake. Alikuwa mchezaji wa mpira wa kulipwa. Wa kulipwa!

Jumamosi timu yetu, Jembe FC, inacheza na Migato. Jumapili tunachagua mwenyekiti: mimi au Mabula, kocha. Mabula ana wanachama. Mimi nina akili. Nikimleta mchezaji wa Marekani, nani atampa Mabula kura?

Nimemweleza mke wangu, Philomena. Akauliza kama nimeshazungumza na huyo mgeni. Nikamwambia hayo ni mambo madogo.

Jumanne, 10 Juni

Nimekwenda kwa Mzee Luhaga. Nikamsalimu Kisukuma: mwadila, baba. Nikasifia ng'ombe. Mzee hana raha. Akanivuta hadi kando ya zizi, akaniambia hajui mkwe wake ni mtu wa kazi gani. Binti amemweleza, hajaelewa. Hana ng'ombe, hana shamba, hana ofisi. Huko walifunga ya serikali tu, sasa wanataka ndoa ifungwe hapa kanisani, lakini mzee hatoi baraka mpaka aione kazi ya huyo mtu kwa macho yake.

Nikamwambia aje uwanjani Jumamosi.

Kisha nikaongea na Marcelo mwenyewe. Kiingereza changu ni kizuri, yeye ndiye anayekimeza. Nikamuuliza anacheza nafasi gani. Akasema anakaa pembeni, anakimbia, anapokea mpira, anakwenda nao mpaka mwisho. Winga! Tukapeana mikono. Wake uliufunika wangu wote.

Jumatano, 11 Juni

Nimetangaza kwa spika, juu ya bodaboda, kuzunguka soko zima. Mabula akaja dukani kwangu kuuliza mgeni alichezea timu gani. Nikasema kubwa. Akauliza kama nimewahi kumwona akipiga mpira. Wivu mtupu.

Alhamisi, 12 Juni

Sielewi.

Precious amenionyesha video ya mumewe akiwa kazini. Wanaume wamevaa helmeti, na mabegani wamewekewa sijui nini. Mpira umechongoka kama papai. Wanainama, mmoja anapiga kelele, wanaangushana, halafu wanasimama kufanya kikao. Wanacheza kidogo, wanajadiliana sana. Marcelo yuko pembeni peke yake. Ghafla anachomoka. Mpira unatoka mbali angani, na yeye anaudaka kwa vidole huku anakimbia. Amenawa waziwazi! Waamuzi wapo, tena wengi, wamevaa mistari kama pundamilia. Hakuna aliyepuliza filimbi.

Nikauliza kwa nini basi wanauita mpira wa miguu. Marcelo akasema hajawahi kujua.

Akanisimulia, Precious akitafsiri. Timu ilimchukua kutoka chuoni wakati wenzake karibu wote wameshachukuliwa. Akahamishwa timu. Akapasuliwa goti, akarudi uwanjani. Halafu ikaja mechi kubwa, dakika za mwisho, mpira ukamfikia kifuani ukamponyoka. Timu ikamwacha. Hakuna nyingine iliyompigia simu.

"Walinilipa miaka minane nidake," alisema. "Wananikumbuka kwa ule mmoja nilioangusha."

Nikamwambia awe na amani, sisi hapa hatumkumbuki kabisa. Precious alicheka mpaka akafuta machozi.

Nilifikiria kuahirisha. Lakini tangazo limeshatoka, na mbio za uenyekiti ni mbio. Precious alipoingia jikoni nikamwonya Marcelo kwa Kiingereza asitumie mikono. Akainua dole gumba. Ameelewa.

Jumamosi, 14 Juni

Hakuelewa.

Uwanja ulijaa. Mzee Luhaga alikalia kiti chake alichokuja nacho, fimbo magotini. Mechi ndiyo kwanza imeanza, kipa wetu Masele akapiga mpira mrefu. Marcelo akachomoka. Beki wa Migato akabaki anatazama kisogo. Wote tukasimama. Marcelo akaruka, akadaka, akaukumbatia mpira, akakimbia nao mpaka ndani ya goli la Migato na kuuweka chini kwa heshima. Nilishangilia peke yangu. Kadi ya njano.

Baadaye akarudi kusaidia nyuma. Kona ikapigwa, akaidaka pia. Refa alimhurumia, hakumtoa. Penalti, Migato wakapata bao. Masele akajirusha vibaya, akaumia bega. Watu wakaanza kunitafuta kwa macho. Nikajificha nyuma ya muuza miwa.

Mabula hakunitukana. Alimfuata Precious, akamuuliza swali moja: mumeo hasa hufanya nini na mpira?

"Anadaka," Precious akasema.

Mabula akamvua Masele glavu, akampa Marcelo.

Kipindi cha pili akadaka kila kitu. Mipira ya juu, ya chini, mpaka kofia ya refa iliyopeperushwa na upepo. Mshambuliaji wetu Salu akatusawazishia. Mwishoni kabisa Migato wakapata penalti nyingine. Precious alimpa mumewe mgongo, hakutaka kuona. Mpigaji alipiga kwa nguvu zote. Marcelo hakuupangua. Aliudaka, akaanguka nao, akabaki chini ameushika kifuani hata filimbi ya mwisho ilipolia. Wenzake walijaribu kuuchukua. Hakuachia.

Mzee Luhaga akaingia uwanjani taratibu na fimbo yake. Akasimama mbele yake, akamtazama.

"Kumbe ndiyo kazi yako," alisema. "Na hujaangusha hata mmoja."

Precious akatafsiri. Lile jitu likalia kama mtoto. Sijui kwa nini. Tulikuwa tumetoka sare tu.

Jumapili, 15 Juni

Mabula ameshinda uenyekiti. Mimi nimepata kura yangu. Mzee Luhaga ametoa baraka, ndoa itafungwa Agosti. Mzee alimshukuru Mabula mbele ya wote, wabeja sana. Nani alimleta winga? Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 16 Juni

Nimetafakari. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la kona.

Ila nimegundua jambo kubwa: Marekani mtu analipwa kwa kudaka. Nina miaka arobaini na moja na magoti yote mazima. Nimemwomba Marcelo anitafutie timu. Akaanza kunieleza sheria za mchezo, nikamwambia asijichoshe, nimeshaelewa.

Jioni nikakimbia uani, nikamwambia Philomena anirushie boga. Aliniuliza kama nina hakika. Nikamwambia arushe. Akarusha vizuri, siwezi kumlaumu.

Jua lilinipiga machoni. Naandika kwa mkono wa kushoto, boga liko jikoni linachemka. Nimemtumia Marcelo ujumbe: anitafutie timu inayocheza kivulini.