Wakala wa Ndizi ya Kupuliza

Zefania wa Gungu hakupenda kuitwa tapeli. Tapeli, kwa maelezo yake, ni mtu anayemwibia mwenzake kwa maneno. Yeye kazi yake ilikuwa kumsikiliza mtu mpaka ajue anatamani nini, halafu kumuuzia. Kwamba kitu chenyewe wakati mwingine hakikuwepo, hilo alilihesabu kuwa dosari ndogo ya biashara. Aliwahi kumuuzia mwenye gesti mmoja maji ya ziwa ndani ya chupa ya bluu, eti dawa ya kufukuza mbu, na mwenye gesti yule mpaka leo anaapa kwamba mbu walipungua.

Basi asubuhi moja alikuwa Bangwe, amekaa kwenye benchi la mama mmoja mkaanga migebuka, shati limenyooka kwa pasi, viatu vinang'aa, mfukoni ana nauli tu. Mbele yake ilikuwa imetia nanga ile yoti ambayo mji mzima ulikuwa ukiizungumza. Ililetwa vipande vipande kwa malori, ikaungwa palepale ufukweni, nyeupe kama jino la mtoto, mali ya tajiri wa madini ambaye Kigoma nzima ilikuwa haijamtia machoni. Watu walitazama vioo vyake na ngazi zake. Zefania alitazama nyuma, kwenye sitaha ya chini, ambako vilirundikwa vitu vya kuchezea majini: pikipiki za majini zilizofubaa kwa jua, mbao za kusimamia na kupigia kasia zilizobanduka kingo, na ndizi kubwa ya mpira, ile ya kupuliza ambayo watu huipanda mgongoni ikavutwa na boti. Ndizi ilikuwa imenywea kama ndizi ya kweli iliyosahauliwa jikoni. Kando ya rundo alisimama mwanamume mwenye shati jeupe lenye nakshi za dhahabu mabegani, mikono kiunoni, akiliangalia kama unavyowaangalia ndugu waliokuja kusalimia na sasa wanaulizia blanketi.

Zefania alimaliza samaki wake bila haraka. Mtu mwenye sare, mwenye mali isiyo yake, na mwenye shida: kwa uzoefu wake, Mola hakuwahi kuchanganya vitu vitatu vikapendeza kuliko hivyo.

Alipopanda ngazi ya yoti alikuwa Zefania wa Gungu. Alipofika juu alikuwa wakala wa kampuni ya Dubai ya vifaa vya michezo ya majini, tawi la Maziwa Makuu. Mwenye sare akampa mkono na kujitambulisha: Jonathan, meneja wa chombo. Alikuwa mtu mnene wa sauti ya upole, wa aina ile inayotazama sakafu kabla ya kutaja pesa, na alianza kulalamika hata kabla hajaombwa. Bosi anakuja mwisho wa mwezi na wageni na watoto wao. Anataka kila kitu kiwe kipya. Kapteni amesafiri, mzigo wote umemwangukia yeye, na Kigoma ndiyo mwisho wa reli. Nani atamletea ndizi ya mpira huku?

Zefania alimpa mhadhara. Alieleza kwamba maji ya Tanganyika hayana chumvi na hilo ndilo linalowaponza wengi, wakadhani vifaa haviwezi kuharibika, kumbe jua ndilo linalotafuna mpira. Mambo hayo alikuwa akiyajua kwa mara ya kwanza kadiri alivyoyasema, na yalimpendeza. Kisha akafika kwenye moyo wa jambo: kwa taratibu za kimataifa, vifaa vilivyokwisha muda havilali chombo kimoja na vipya. Kuna suala la bima. Kampuni yake ingevichukua vile vya zamani na kwenda kuviteketeza kitaalamu.

Jonathan alitazama sakafu.

"Vichukueni," akasema. "Sharti langu ni moja tu. Nisije nikaviona tena humu ndani."

Zefania ilibidi akohoe kidogo ili asicheke. Maana mpango wake wote ulikuwa huo: kuvichukua vile vile, kuviziba, kuvipaka rangi, kuvitia kwenye maboksi, na kumuuzia tajiri mali yake mwenyewe.

Walikutana tena mara kadhaa, daima kwenye yoti, na mlinzi wa pale alimpokea Jonathan kwa heshima zote. Kila walipokutana meneja aliongeza masharti. Hivyo vipya viwashwe na kujaribiwa kabla ya kufika, maana wakala mmoja wa zamani aliwaletea pikipiki iliyokohoa. Ndizi ijazwe upepo na kuachwa kutwa nzima juani, aone kama itapungua. Mbao zisiwe na kingo zinazokwaruza watoto. Zefania aliitikia kila kitu. Alimwona kuwa mteja msumbufu, na mteja msumbufu, alivyojua yeye, ni yule aliyekwisha kununua.

Mara ya mwisho Jonathan alitazama sakafu kwa muda mrefu zaidi. Akasema kuna wakala mwingine, wa Dar es Salaam, anaitaka zabuni hiyo, na amekwisha kuonyesha uzito wake. Yeye binafsi angependa kazi ibaki Kigoma. Lakini yeye meneja anatembea kwa miguu, hana hata usafiri, na mtu anayetembea kwa miguu huchelewa kusaini mambo.

Zefania alifurahi moyoni. Mtu anayeomba rushwa, alijiambia, huyo tayari yumo ndani ya wavu, anauliza tu mlango wa kuingilia uko wapi. Na samaki mkubwa havuliwi kwa chambo cha dagaa. Akatoa funguo za pikipiki mfukoni akaziweka mezani, akasema ni ya kampuni, aitumie mpaka siku ya malipo.

Pikipiki haikuwa ya kampuni. Ilikuwa ya Merina, mkewe, aliyeinunua kwa migebuka. Kila alfajiri ilikwenda Kibirizi kupakia samaki wake na kuwafikisha soko la Gungu wakiwa bado na macho maangavu. Zefania alimwambia mkewe iko gereji. Merina alimtazama, akachukua beseni, akaenda kutafuta bodaboda ya kukodi. Beseni hilo ndilo lililomnyima Zefania raha ya chakula siku ile. Alimpenda mke wake. Alikuwa amekusudia kumnunulia pikipiki mpya, na hata jokofu la samaki. Ni ule muda wa katikati tu, kabla ya mpango kuiva, ndio uliokuwa ukimkera.

Kazi aliifanyia nyumbani kwake, kwenye ua wa nyuma, kwa jina la kuteketeza. Ujanani Zefania alijifunza kuziba pancha kabla hajagundua kwamba maneno hayachafui mikono, na sasa vidole vilikumbuka. Alisugua ndizi, akakata viraka safi, akavibandika, akaipuliza ikajaa ua mzima mpaka kuku wakahamia kwa jirani. Fundi wa injini za mitumbwi aliletwa kuzitazama pikipiki za majini, akabadilisha plagi na betri, akalipwa kwa kabati la vyombo. Fundi rangi alichukua redio. Jirani mmoja aliuliza hivyo ni nini, Merina akamjibu kwamba mume wake ameanza kilimo cha migomba. Na jambo la ajabu ni kwamba Zefania alipokuwa akilainisha kingo za zile mbao kwa msasa, peke yake, alijikuta akipiga mluzi. Aliacha mara moja, kama mtu aliyekutwa kanisani wakati si muumini.

Siku ya kupeleka alikodi lori dogo, akapakia maboksi yenye stika za Dubai alizochapisha mjini, akavaa tai. Bangwe kulikuwa na pilikapilika. Wageni walikuwa wamefika mapema. Aliyemshukia ngazini hakuwa Jonathan, bali mwanamke mrefu wa makamo mwenye kofia ya unahodha.

"Wewe ndiye fundi wa Jonathan," mwanamke akasema. "Karibu. Mimi Catherine, kapteni. Alituambia utaleta vifaa leo."

Zefania alisema yeye ni wakala, na kwamba angependa kuonana na meneja. Kapteni Catherine akamwambia kwa upole kwamba meneja wa chombo ni yeye mwenyewe, hakuna mwingine. Jonathan alipewa kandarasi ya kutengeneza vifaa vya michezo, akalipwa kazi yote mbele kwa sababu alisema vipuri ni ghali. Jana alipiga simu akaaga, amepata dharura, ila kila kitu kiko kwa fundi wake wa Gungu, mtu mwaminifu sana ambaye amekwisha kumalizana naye.

Kichwani mwa Zefania mambo yalianza kujipanga, moja baada ya jingine, bila yeye kuyaomba. Pikipiki iliyokohoa. Ndizi kuachwa kutwa juani. Kingo zinazokwaruza watoto. Alikuwa amepokea maelekezo ya kazi kama kibarua, akayatimiza yote, akamlipa msimamizi pikipiki.

Afanye nini? Akisema ameuza vitu vipya, kapteni atafungua boksi na kuviona vyake vya zamani. Akisema ameibiwa, ataulizwa ameibiwaje. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ya maneno, kila neno alilolishika lilikuwa na ncha upande wake.

"Hizi stika za nini?" kapteni akauliza, akiangalia boksi.

"Za kuzuia vumbi," Zefania akasema.

Vilifunguliwa. Kapteni Catherine alipitisha kiganja juu ya viraka, akabonyeza, akawasha pikipiki ya majini ikanguruma bila kukohoa. Alikiri kwamba hakutegemea kazi nzuri namna hii. Kisha akasema utaratibu wake ni kwamba hawezi kuwapandisha watoto wa watu kwenye chombo ambacho fundi mwenyewe hajakipanda. Zefania alitaka kueleza kwamba hajui kuogelea, lakini alikwisha kuvalishwa jaketi la kuokolea juu ya tai.

Hivyo ndivyo mkuu wa tawi la Maziwa Makuu alivyozungushwa kwenye ghuba ya Bangwe, amekumbatia ndizi, viatu vinavyong'aa vikipiga maji, huku watoto wa wageni wakishangilia kwenye sitaha. Alimwita Mungu kwa Kiswahili, na alipoona hachelewi kutumbukia, akamwita kwa Kiha. Ndizi haikupungua hata pumzi moja.

Alipofikishwa ufukweni akiwa hoi, Merina alikuwa amesimama pale, kitenge kimefungwa kwa nguvu kiunoni. Dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amemletea habari kwamba pikipiki yake imeonekana ikipanda njia ya Kalinzi kunakolimwa kahawa, imebeba mtu mnene mwenye dhahabu mabegani na sanduku la nguo, na kwa mwendo ule hakuwa anakwenda kununua kahawa.

"Baba Wema," Merina akasema kwa sauti ya chini. "Pikipiki yangu iko gereji gani?"

Zefania alifungua kinywa. Maji yalitoka, maneno hayakutoka. Ndipo akaketi mchangani na kumsimulia mkewe yote, toka benchi la migebuka mpaka ndizi, bila kupamba. Ilikuwa hadithi fupi kuliko alivyodhani. Merina alisikiliza, akamwangalia yule mume aliyelowa tai, akatazama ile ndizi iliyojaa vizuri, akaitazama yoti. Hasira ilikuwepo, aliiweka kando kama anavyoweka samaki wa kuuza mchana.

Kapteni alikuja kuuliza kama kuna tatizo.

"Mwakeye, mama," Merina akamsalimu, kama vile wamekutana sokoni. "Hakuna tatizo. Huyu ni fundi wangu. Yule Jonathan alimchukua bila kunipitia, na kazi zake zote hupitia kwangu. Mkitaka vitu hivi viendelee kuwa hivi, anaweza kuja kila juma. Malipo mtanipa mimi, kazi ikikwisha. Si mbele."

Kapteni Catherine, ambaye alikuwa amelipa mbele akabaki na simu ya kuaga, alilipenda neno hilo kuliko yote. Walipeana mikono juu ya kichwa cha Zefania.

Tangu siku hiyo tawi la Maziwa Makuu likafungwa. Kila juma Zefania hupanda yoti na ndoo ya gundi, huosha, huziba, hukausha, huvitia vitu vyote kivulini, na jioni mke wake hupokea. Pikipiki haijarudi, wapo wanaosema imevuka mpaka wa Manyovu kuingia Burundi, wapo wanaosema imeonekana Kasulu ikiwa na rangi nyingine. Merina anaidunduliza ya pili, na mpaka atakapoinunua, migebuka kutoka Kibirizi inabebwa na mtu aliyekuwa wakala.

Juzi mgeni mmoja wa tajiri, bwana wa Dar es Salaam mwenye miwani mikubwa, aliisogelea ndizi kwa mashaka akiwa na binti zake. Akamuuliza Zefania kama ni mpya. Zefania alimtazama: shati la bei, macho ya kutaka kuambiwa kitu kizuri. Mteja mtamu, aliyeiva. Ulimi ulimwasha.

"Ni kuukuu," akasema. "Ina viraka tumboni. Nimevitia mwenyewe, na nimeipanda."

Bwana yule alicheka, akamgeukia kapteni. "Hawa watu wa Kigoma wajanja," akasema. "Anaficha vipya vyake tusivichakaze."

Akawapandisha binti zake.