Bendera ya Mapinduzi na Ngoma ya Daku

Ijumaa, 8 Januari 1965
Fedheha. Mzee Duni, mwenyekiti wa tawi letu hapa Mgogoni, katangaza kuwa bendera ya maandamano ya Mapinduzi ataishika Vuai. Vuai! Jirani yangu, hodari wa kukoroma tu. Kweli, mwaka jana, siku ya Mapinduzi yenyewe, mimi nilikuwa uvunguni mwa kitanda cha mama mkwe. Kijiji kizima kinajua na hakichoki kucheka. Ndiyo maana naitaka bendera. Wakiniona nayo mbele mpaka Wete, watausahau uvungu. Sikubali.

Jumapili, 10 Januari
Nimepata njia. Jumanne tutatembea na saumu, juani. Asiyekula daku hafiki. Na Vuai haamki bila ngoma. Nikamwendea Jaribu, mpiga ngoma ya daku, nikamwambia siku hiyo alale, nitaipiga mimi. Akaniombea dua. Kisha nikamwarifu Mzee Duni kuwa Vuai akilegea, nipo. Akaniuliza nitabeba bendera au kitanda. Wacha acheke.

Jumanne, 12 Januari
Nilipiga ngoma upande wa pili wa kijiji, kwa nguvu zote. Upande wa Vuai sikuugusa. Nimerudi nyumbani, adhana hiyo. Mke wangu Mwanapili amelala fofofo, chungu hakijapanda jikoni. Ndipo nikakumbuka kuwa upande wa Vuai ndio wangu.

Vuai je? Mtoto wake anaota meno. Kawaamsha saa tisa. Vuai kala muhogo kwa samaki, kashiba.

Hata hivyo nilimfuata nyuma, karibu, niidake bendera ikianguka. Nikaanguka mimi. Nimeingia Wete juu ya gari la ng'ombe, katikati ya makumbi ya nazi. Wakanipa maji, nikayakataa. Saumu yangu siiuzi.

Jumatano, 13 Januari
Mzee Duni kaniita. Naye anakaa upande wetu, naye hakula daku. Kanipiga marufuku kugusa ngoma ya kijiji.

Lakini uvungu wameusahau! Sasa wanacheka gari la ng'ombe.

Nimepiga hesabu ya miezi. Mwakani Mapinduzi yataangukia Ramadhani tena. Mpango wangu haukuwa na kasoro, ila nilitoka na njaa. Safari hiyo nitakula kwanza. Ngoma nitanunua yangu.