Kizazi cha Kumi na Tatu

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo neema imesimama mlangoni kwangu, ikaingiza mguu mmoja. Bi Tuhfa, mpiga video za harusi, ana harusi kumi na nne za Shaabani na kompyuta yake imekufa. Anatafuta mtu wa kumuunganishia video zote kabla ya Ramadhani. Nikamwambia ni mimi. Akasema Zabron wa ng'ambo ya barabara naye kasema ni yeye! Basi Jumamosi tutapimwa. Video moja, ya harusi ya Pangani, kompyuta mbili. Atakayeitoa mwanzo, tayari kutazamwa, ndiye mwenye kazi.

Lazima niwe mimi. Ami Mwinyijuma, mwenye fremu hii, ameshasema kazi isipopatikana mwezi huu duka linageuka la halua, na mimi nitasimama nyuma ya sinia nikikata. Miaka mitatu ya ufundi! Halua hata kuila siipendi.

Hofu sina. Prosesa yangu, yaani ubongo wa kompyuta, ni kizazi cha kumi na tatu. Ya Zabron ni kizazi cha kumi na mbili. Hesabu hiyo hata darasa la kwanza wanaijua.

Jumanne, 11 Februari

Nimesoma mtandaoni. Watu wamezishindanisha sana hizi prosesa mbili. Tofauti yao ni asilimia saba. Saba tu! Nimesoma mara tatu nikidhani kuna sifuri imedondoka.

Nikaenda kwa Zabron kupeleleza, na bagia mkononi nisishukiwe. Alikuwa anatoa video ya ubatizo. Nikaomba niijaribu na kwangu, akanipa bila kuuliza. Kwake dakika arobaini na moja. Kwangu thelathini na nane. Dakika tatu! Bi Tuhfa akipuliza chai yake ipoe, zimeshapita.

Zabron alinipa pia brashi na dawa ya kupozea prosesa, bomba zima la sindano. Eti feni yangu anaisikia mpaka kwake, imejaa vumbi. Tangu lini mpinzani akakupa dawa? Nimevitia vyote droo ya chini.

Jumatano, 12 Februari

Nimebandika namba 13 nyekundu, kubwa, ubavuni mwa kompyuta. Prosesa haionekani, lakini namba inaonekana mpaka barabarani. Ami alipita akauliza kumi na tatu ya nini. Nikamweleza kwa adabu kwamba ni kizazi cha kumi na tatu. Akauliza wale kumi na wawili wa mwanzo walikufa kwa maradhi gani. Kisha akaupima ukuta kwa hatua, mahali pa kabati la halua. Mbele ya macho yangu! Iliniuma sana.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya swala nimemweleza Mama. Kasikiliza yote. Kasema dakika tatu si kitu mbele ya kijicho, na mimi mwenyewe nimeitangaza mali yangu mtaa mzima kwa wino mwekundu. Kweli tupu! Kanipa chetezo, udi, ubani na kanga yake mpya iliyoandikwa MACHO YENU HAYANIPUNGUZII.

Nimeifukiza kompyuta kama zinavyofukizwa nguo za biharusi. Chetezo chini, kanga juu, moshi usitoroke. Nikaiwasha ili ivute vizuri. Imevuta! Duka lote linanukia. Kanga nimeiacha hapo hapo mpaka mashindano yaishe, jicho lisipate pa kuingilia.

Jumamosi, 15 Februari

Nina uchungu. Naandika kwa ufupi.

Tulianza saa nne. Zabron alileta kompyuta yake dukani kwangu, Bi Tuhfa akakaa katikati, Ami kwenye kiti na tasbihi yake. Dakika kumi za mwanzo nilikuwa mbele! Kisha asilimia zikaanza kujikokota. Feni ikalia. Kanga ikawa ya moto. Zabron akanisogelea, akaninong'oneza.

"Uweso, ndugu yangu, itoe hiyo kanga. Prosesa ikizidi joto inajipunguza mwendo yenyewe."

Nikamjua. Anataka ikae uchi mbele ya macho yake! Nikaikunja kanga mara mbili.

Dakika ya hamsini na tano Zabron kamaliza. Yangu ilikuwa asilimia sitini. Ikazima. Bi Tuhfa alisema hajapata kuona kompyuta inayonukia vizuri hivi, kisha akampa Zabron kazi. Ami alitoa futi mfukoni akaupima ukuta upya.

Nililia chooni. Si sana.

Jumapili, 16 Februari

Zabron kaja asubuhi. Harusi kumi na nne hawezi kuzimaliza peke yake kabla ya Ramadhani. Kamwomba Bi Tuhfa nichukue saba, na Bi Tuhfa kakubali! Nikamkaribisha bagia. Akaifungua kompyuta yangu, akaisugua kwa brashi ile ile ya droo ya chini. Yametoka masizi, vumbi, na ubani ulioganda kwenye feni. Akapaka dawa. Tukairudia harusi ya Pangani. Dakika hamsini na moja! Nne mbele yake! Akacheka, akanipa mkono. Ami kaambiwa, kasema halua itangoja mpaka Iddi.

Alipoondoka nimekaa nikafikiri kosa langu lilikuwa wapi, maana mtu asiyejifunza ni hasara. Nimeliona. Kanga huuzwa doti, vipande viwili, na mimi nilifunika kimoja! Nusu nzima ya kompyuta ilikuwa wazi kwa kijicho. Nimeshakwenda kwa Mama kuchukua kipande cha pili. Harusi ya kwanza naianza kesho saa mbili asubuhi, na makaa ya chetezo nimeshanunua.