Nguo za Kompyuta Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Kompyuta zote kumi na mbili za masjala zimehamia mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, usiolipiwa leseni, kuanzia leo, kasema mkuu wa ofisi. Atakayewazoesha wafanyakazi atapewa ajira ya kudumu. Mkataba wangu wa muda, wa fundi wa kompyuta, unaisha tarehe 31. Mpinzani ni mmoja: Shemeji, dada wa mke wangu, msimamizi wa masjala. Anasema mwalimu wa nini, watu watazoea wenyewe.

Jumanne, 4 Machi
Somo la kwanza. Nimeeleza mazingira ya eneokazi: ile sura ya skrini, menyu, vitufe, picha ya nyuma. Mfumo ni mwili, hiyo ni nguo tu, unavaa uipendayo. Karani mzee akasema, "Mwanangu, nimekuja kuandika barua, sikuja kuvuliwa nguo." Wakacheka. Ili waonje uhuru wa kuchagua, nimezivalisha mashine sura sita tofauti. Hadi mchana hakuna aliyepata faili lake. Shemeji kaniuliza mbele ya watu kama hii ni ofisi au mnada wa mitumba.

Jumatano, 5 Machi
Mkuu kanionya: lalamiko moja zaidi, basi. Nimepata hila. Wenzangu walipokwenda kula, nimezivika zote sura inayofanana na mfumo wa zamani. Menyu chini kushoto. Hata ile picha ya nyuma ya vilima waliyoizoea nimeirudisha. Sijamwambia mtu.

Alhamisi, 6 Machi
Hakuna aliyeniita. Barua zinachapwa. Karani mzee kanishukuru kwa kuwarudishia mfumo wao. Nimeshinda dirishani kama mgeni aliyefika matanga yamekwisha.

Ijumaa, 7 Machi
Mkuu kauliza nani bado anahitaji kufundishwa. Hakuna mkono uliopanda. Shemeji kasema, kwa upole unaouma, kwamba yeye alishasema. Nikikiri, itajulikana nimewaficha mfumo walioagizwa kujifunza. Nimeinama kukagua nyaya. Nafasi imefutwa.

Nyumbani habari ilinitangulia. Mke wangu kauliza, "Kwa hiyo umefanya kazi vizuri mpaka kazi imekwisha?" Kisha kapakua chakula.

Jumamosi, 8 Machi
Nimetafakari kutwa. Kosa nimeliona: niliwapa sura nzuri mno. Jumatatu tarehe 10, saa moja na nusu asubuhi, nitaingia kabla ya wote. Mashine zote kumi na mbili, sura mpya. Menyu pembeni kulia, maandishi madogo. Wao wanafika saa mbili. Nitakuwa mezani kwangu, nikisubiri kuitwa.